Kulivuta Gari la Mama Mkwe

Mwili ulikuja, miguu ikabaki.

Hicho ndicho Lévi alichokiona kwenye kioo cha pembeni, na hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita, mguu kwenye breki na roho mkononi. Winchi ya bredauni yake ilikuwa imeivuta pua ya pikapu kidogo tu, kwa kujaribu. Kukasikika mlio: paa! Kabini ikasogea mbele kiasi cha kiganja, na bodi la nyuma nalo likasogea, pamoja na wanawake waliopanda humo na vyungu vyao vya harusi. Magurudumu yale manene yakabaki yalipokuwa, kama vile hayahusiki.

Huko juu wimbo ulikatika katikati ya neno.

Kama gazeti lako la wiki iliyopita lilifungia samaki kabla hujalisoma, sikulaumu. Mambo yalikuwa hivi. Lévi, Mkongomani wa Pweto aliyevuka ziwa na kuhamia Kashikishi, ana bredauni, gari la kuvuta magari yaliyoharibika, na ndiyo bredauni pekee upande huu wa Ziwa Mweru, upande wa Zambia, inayowaka bila kusukumwa. Anamwoa Tamara, binti wa Mununga. Siku hiyo wanawake wa ukoo wa Tamara walikuwa wanampelekea chakula nyumbani kwake, ile sherehe ambayo Wabemba huiita chilanga mulilo. Mwanaume anaonyeshwa moto, na kuanzia hapo anaruhusiwa kula cha ukweni. Saa hizo bwana harusi alitakiwa awe ameoga, amevaa suti, amekaa mkekani na macho chini kwa adabu.

Lakini pikapu iliyobeba chakula ilizima njiani, mwendo mfupi tu kutoka Mununga. Wakapiga simu kuita bredauni. Bredauni ni moja, na mwenye bredauni ndiye bwana harusi.

Angekataaje? Mama wa Tamara alikwisha sema mbele ya watu kwamba chakula kisipofika kabla ya jua kuzama, kitarudi Mununga, na kikirudi, uchumba umekwisha. Basi Lévi akaitundika suti msumarini, akavaa ovaroli, akaja.

Tatizo la pili lilikuwa mama mwenyewe. Desturi inamtaka mama wa bibi harusi abaki nyumbani ajifanye hana habari. Bi Dorica hakubaki. Pikapu ni yake, ameinunua kwa biashara ya samaki ya kwenda na kurudi Kilwa, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, na haruhusu mtu mwingine ashike usukani. Na kwa watu hawa, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawasemezani wala hawagusani mpaka wazee watakapomwingiza mkwe rasmi. Uchumba mzima, kitu pekee ambacho Lévi alikuwa anakijua vizuri kwa mama mkwe wake ni kisogo. Yeye naye alimjua Lévi kwa mgongo, na ndugu zake wa Mununga hata huo mgongo hawakuwahi kuuona.

Ndiyo maana Lévi alikuja amevaa kinyago cha kuchomelea vyuma, ambacho kioo chake cheusi kilivunjika zamani na mahali pake pamebandikwa kipande cha plastiki. Ndiyo maana pia mshenga wake, mzee Barthélemy, aliyekuwa akisindikiza vyungu, alimwambia Bi Dorica bila kupepesa macho kwamba fundi huyu ni kibarua wa Lévi, ni bubu, anatoka Chienge, na macho yake hayataki jua.

Haya, tuendelee.

Lévi aliilegeza winchi pole pole, kama mtu anayemlaza mtoto. Pikapu ikajikalia tena. Akawapungia mkono wanawake watulie, kisha akajiingiza uvunguni. Mzee Barthélemy, ambaye dhamiri ilikwisha anza kumuuma, akatambaa nyuma yake.

Sasa sikia kosa lenyewe. Bi Dorica alitaka pikapu ndefu ya kwenda juu. Maji ya ziwa yakipanda, njia za ufukweni hufunikwa, na hiyo ndiyo sababu anayowatajia watu. Sababu ya kweli ni kwamba alichoka kutazamwa kwa juu na wanaume wenye malori. Mafundi wa magari walimtajia vifaa vya kuagiza kutoka mbali. Barthélemy, fundi wa mitumbwi anayeheshimika Mununga nzima, akamwambia hakuna haja ya kuhangaika. Akachonga vipande vya mubanga, mti mgumu kama chuma, kila kimoja kikubwa kama mkate, akavipachika kati ya bodi na chesesi, ule uti wa mgongo wa gari, akavibana kwa bolti ndefu. Akaweka na matairi makubwa. Pikapu ikapanda mpaka mbwa wakawa wanapita chini yake bila kuinama.

Kisha, kwa kuwa hajawahi kutengeneza chombo kisicho na pete ya kukivutia, akaifunga pete ya chuma puani. Pete nzuri, imara, imepakwa rangi ya bluu. Lévi alipofika ndiyo aliyoiona kwanza, na ndiyo aliyoifunga kamba ya winchi bila kuuliza. Hapo naye alikosea, na alijua kwamba amekosea. Gari lililonyanyuliwa huchunguliwa chini kwanza, halafu ndipo linaguswa. Lakini mtu anayemkimbia mama mkwe hapati muda wa kuchungulia.

"Muzee," alinong'ona ndani ya kinyago, "hii pete ulifungaka ku nini?"

"Ku pua. Bwato tunavutaka ku pua," alisema mzee, maana kwao mtumbwi ni bwato.

"Bwato ni kintu moya, kuanzia pua mpaka mukia. Motoka iko mbili. Kuko shasi chini, kuko bodi juu. Pete yako iko ku bodi. Nikivuta, ninavuta kofia, mutu anabakia."

Barthélemy alizitazama bolti zake. Baadhi zilikuwa zimekatika, nyingine zimepinda. Akasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa kwamba tangu aanze kazi hii hakuna mtumbwi wake uliowahi kuacha sehemu yake ya chini nyuma. Lévi akamjibu kwamba mtumbwi hauna sehemu ya kuacha.

Wakakubaliana hukohuko uvunguni, kwa kunong'ona, la kufanya. Mnyororo utafungwa kwenye ekseli, kwenye chuma chenyewe kinachobeba magurudumu, na ile pete ya bluu isiguswe tena. Vipande vya mubanga vitatolewa, bodi likae juu ya chesesi kama lilivyotoka kiwandani, maana gari refu namna ile likivutwa kwenye kona hulala ubavu. Bodi lifungwe kwa kamba za mitumbwi, kwa kuwa bolti ndizo hizo zimekatika. Propela shafti, kile chuma kirefu kinachounganisha giaboksi na magurudumu ya nyuma, ishushwe, la sivyo magurudumu ya nyuma yatazunguka safari nzima na kuisaga giaboksi iliyolala.

Na jambo la mwisho, ambalo Lévi habishani juu yake na mtu yeyote: kwenye gari linalovutwa hapandi mtu.

Barthélemy akauliza je, kuku, kwa sababu chungu kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha kuku. Lévi akamwambia kuku amekwisha kufa, yeye anaweza kupanda.

Mzee akatoka kwenda kutangaza habari. Alirudi amenywea. Wanawake watashuka, alisema, lakini vyungu haviwekwi chini. Katika ukoo wa Bi Dorica, chungu cha mkwe kikitoka motoni hakigusi ardhi mpaka mlangoni kwa mkwe. Basi wanawake wakashuka mmoja mmoja kwa taabu, kila mmoja na chungu chake kichwani, wakasimama kando ya barabara na jua linawaka. Kulikuwa na samaki wakubwa wa kuchoma, kulikuwa na majani ya mboga kwenye karanga, kulikuwa na ugali uliofungwa ndani ya vitambaa vya maua. Mdogo wake Bi Dorica, anayeitwa Rosalie, ndiye aliyekuwa akiwapanga.

Kwa kuwa hawakuwa na kazi nyingine, waliimba. Walimtungia wimbo fundi bubu, kwamba nyundo yake inaongea kuliko yeye na bila shaka mke wake ana raha ya peke yake duniani. Lévi aliusikia wote. Alikuwa ameinua upande mmoja wa bodi kwa jeki, anagonga mubanga ili utoke, na jasho lilikuwa limejaa ndani ya kinyago mpaka kidevuni.

Bi Dorica hakuimba. Alikuwa na chungu cha kuku kichwani, hakishiki hata kwa mkono mmoja, na alikuwa akilizunguka gari lake huku akimsemesha Barthélemy. Alianza kwa kumuuliza kama bubu wake anaijua kazi au anajua kulala chini ya magari tu. Akasema angekuwa yeye, saa hizi wangekuwa wamefika. Kisha sauti yake ikashuka, na maneno yaliyofuata Lévi aliyasikia vizuri zaidi kuliko alivyotaka.

"Mi sina neno na Bakongomani. Nusu ya samaki yangu inatokaka kwabo. Neno yangu ni moya. Mwanaume ya bongo sitaki. Baba ya Tamara aliniambiaka anaenda Kilwa kuuzisha, anarudia kesho. Tamara alikuwa angali ku mugongo. Ile kesho, muzee, niko nayingojea mpaka leo."

Barthélemy alisema haraka kwamba Lévi si mtu wa uongo.

"Unaniapia?"

Mzee akatazama juu. Akatazama chini, akaziona buti za Lévi zikichomoza kutoka uvunguni. Akaapa.

Lévi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Kinyago kile asubuhi kilikuwa mzaha; walicheka pamoja kwenye simu yeye na mzee walipokivumbua. Sasa kilimbana kama kosa. Alitamani atoke uvunguni palepale akivue aseme ukweli. Lakini akisema, mama mkwe amemwona uso, desturi imevunjika barabarani mbele ya ukoo mzima, na chakula kinageuza. Akimnyamazia, yeye ni mtu yuleyule ambaye Bi Dorica amekuwa akimwogopa tangu Tamara akiwa mgongoni. Akaendelea kugonga.

Kipande cha mwisho cha mubanga kilitoka. Bodi likashuka likakaa juu ya chesesi, na pikapu ya Bi Dorica, iliyokuwa ikiogopwa kuanzia Mununga hadi Chienge, ikawa pikapu ya kawaida yenye matairi yasiyo saizi yake. Kati ya tairi na madigadi ilibaki nafasi ya ngumi moja tu. Lévi aliipima kwa ngumi yake mwenyewe, akaona kwa gari tupu inatosha, akapitisha kamba.

Wakati akiwa bado chini anakaza fundo la mwisho, lori la samaki likapita likielekea Nchelenge kupitia Kashikishi. Likasimama. Lévi akasikia zogo, vicheko, Rosalie akitoa amri, vyungu vikipokewa kutoka mkono hadi mkono. Kisha lori likaondoka na nyimbo zake. Alipotoka uvunguni barabara ilikuwa nyeupe, haina mtu. Barthélemy peke yake alikuwa amesimama pale, anatazama ziwa.

"Bamepanda bote?" Lévi aliuliza.

"Bote," alisema mzee, na akaendelea kutazama ziwa.

Msomaji, wewe umekwisha elewa. Lévi hakuelewa, kwa sababu mtu aliyetoka kupona habari ya mama mkwe hataki kuiongezea maswali. Alifunga mnyororo kwenye ekseli, akainua pua ya pikapu kidogo, akaingia kwenye bredauni na Barthélemy akakaa pembeni yake. Wakaondoka kwa mwendo wa mtu mwenye kibiongo. Baada ya kijiji kimoja Lévi akasimama akague kazi, kama afanyavyo siku zote. Barthélemy akaruka chini kabla yake, akasema yeye ataangalia nyuma. Alirudi akisema nyuma ni salama kabisa.

Hapo ndipo Lévi alipovua kinyago. Upepo wa ziwa ukampiga usoni, akaona raha ya ajabu. Akaanza kuuimba ule wimbo wa bubu, na kwa sauti nzuri. Kesho atakwenda mwenyewe kwa wazee, alimwambia Barthélemy, atasema yote, kinyago na Chienge na kila kitu. Leo acha chakula kifike. Kilichobaki ni kushuka mteremko, kuvuka daraja, na kufika Kashikishi jua bado likiwa juu ya ziwa.

Barthélemy alichungulia nyuma. Alikuwa anatoka jasho kuliko mwenye kuendesha.

Kwanza ilikuja harufu. Mpira unaoungua unajulikana, hauhitaji kuelezwa. Lévi akatazama kioo cha kushoto, akaona moshi mwembamba kwenye gurudumu la nyuma la pikapu, mahali ambapo ile nafasi ya ngumi ilitakiwa kuwa. Gari tupu haliwezi kukandamiza springi namna ile. Akainua macho kidogo.

Juu ya kabini ya pikapu kilikuwa kinapanda taratibu kilemba chekundu. Chini ya kilemba kulikuwa na Bi Dorica, amesimama, ameshika paa kwa mkono mmoja na kukumbatia chungu kwa mwingine, anaangalia mandhari.

"Muzee, ule ni nani?"

"Alikataaka lori," Barthélemy alisema kwa sauti ndogo. "Anasema kuku haisafirie pamoya na samaki mubichi. Anasema nikikuambia, atanipasua."

Lévi hakupata nafasi ya kumpasua yeye mwenyewe. Bredauni ilikuwa imefika penye mteremko, na kule chini daraja lilikuwa linaonekana. Akifunga breki ghafla, pikapu itamjia mgongoni na kilemba chekundu kitaruka juu ya bredauni hadi mtoni. Akashusha gia, akashusha tena, akalipeleka gari pembeni kwa subira iliyomuuma meno, mpaka likasimama. Barthélemy, walau hilo alilijua, akaruka na jiwe akalitia chini ya gurudumu.

Lévi alikivaa tena kinyago, akakimbia nyuma. Hali ilikuwa mbaya kuliko alivyodhani. Uzito wa mama na chungu ulikuwa umelilaza bodi upande wa kushoto, na tairi lilikuwa limeila kamba karibu yote. Nyuzi zilizobaki zilikuwa zinakatika moja moja, zinalia. Ikikatika, bodi halina kinacholishika kwenye chesesi ila uzito wake wenyewe, na pale barabara imeinamia ziwani.

Alipunga mikono. Alionyesha chini, alionyesha kamba, alionyesha shingo yake. Alifanya kila ishara aliyoijua na nyingine alizozibuni palepale.

Bi Dorica alimtazama kwa kituo, kisha akamwita Barthélemy aje amwondoe bubu wake, anacheza ngoma barabarani na chakula kinapoa.

Uzi mwingine ukakatika. Bodi likateleza, likasimama.

Lévi akavua kinyago akakitupa.

"Mama, shuka. Kamba inakatika. Utakufa."

Alisema kwa sauti kubwa, uso wazi, macho kwa macho. Bi Dorica, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alitii. Huenda lilikuwa jambo la bubu kusema. Huenda alihisi mwenyewe sakafu inatembea chini ya miguu yake. Akampa Barthélemy chungu kwa juu, mzee akakipokea, kisha Bi Dorica akatafuta mahali pa kushukia na hakupaona. Upande uliolala ulikuwa juu ya mtaro, na upande mwingine ulikuwa umepanda.

Lévi akageuka, akampa mgongo.

"Panda."

Desturi inakataza mkwe hata kumpa mama mkwe kikombe mkononi. Bi Dorica alipanda mgongoni kwa mkwe wake kama gunia la mihogo, mikono shingoni, viatu vikining'inia, na si mwanamke mwepesi. Lévi akaenda. Alikuwa amefika tu kwenye bredauni kamba ilipokatika, na nyuma yao bodi likatoka juu ya chesesi kwa mlio mrefu wa chuma, likalala kwenye mtaro, kabini ikitazama matete ya ziwa. Palepale alipokuwa amesimama Bi Dorica pakajaa vioo.

Bi Dorica alikuwa bado mgongoni.

Lévi alimshusha taratibu, akarudi nyuma hatua chache, akapiga magoti kwenye lami na kutazama chini.

"Mama, mi njo Lévi. Njo mi ninaoa Tamara. Bubu ilikuwa bongo, na Chienge ilikuwa bongo. Nilifanya vile ju chakula ifike, ju nisikupotezee heshima. Sasa nimekupotezea yote. Unisamehe."

Bi Dorica aligeuka mara moja akampa mgongo, akavuta kitenge kikafunika uso wake. Huo mgongo Lévi aliufahamu. Bi Dorica aliangalia gari lake lilivyolala mtaroni. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka. Alipoanza kusema, alisema kuelekea ziwani, kwa Barthélemy, kama inavyotakiwa, ingawa Lévi alikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi zake.

"Muzee, ambia uyo mutu. Wazee batamukasirikia, na mi batanikasirikia, ju nimepandaka mugongo ya mukwe kama mutoto. Iko sawa. Angelinda kinyago yake, mi ningekuwa pale chini ya vioo. Bongo moya ninamusamehe, ju ameniponyesha. Umuambie vizuri: moya. Ya pili, hapana."

Barthélemy alianza kumwambia. Lévi alisema amesikia. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wenye grisi, akabaki na uso wa kinyago kingine. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu alipoanza kumposa Tamara. Akanyanyuka kwenda kutandika blanketi kwenye kiti cha bredauni ili chungu kikae vizuri. Akamwomba Barthélemy akae katikati yao kama ukuta, wamalize safari kwa adabu.

Hapo simu ya Bi Dorica ikalia. Alikuwa Rosalie, ambaye dada yake humwita yaya, na Rosalie hajui kusema kwa simu bila kusikika hadi ng'ambo.

"Yaya, tumefika. Batu ni bengi, banapiga ngoma. Bwana harusi alikuwa ameshaketi pa mukeka. Yaya, mwanaume muzuri, kimya, ameinamisha kichwa. Suti inamuzidi kidogo tu. Tumemuonyesha moto, tumemunawisha mikono, amekula samaki yote."

Lévi alisimama na blanketi mkononi. Alimjua mtu ambaye suti yake inamzidi kidogo. Ni mdogo wake, Hénoc. Ndugu zake waliogopa mkeka mtupu mbele ya wakwe, wakamvalisha Hénoc wakamkalisha, na walifanya hivyo kwa mapenzi tu.

"Mama," alisema, "ule ni Hénoc. Ni mudogo wangu. Bamemuweka tu kwanza."

Bi Dorica alimuuliza Rosalie kama mtu aliye mkekani ametaja jina lake.

"Amesema yeye njo Lévi," sauti ya Rosalie ikasema. "Baba yake mukubwa amesema, wazee bote bamesema. Yaya, uko fasi gani na kuku? Wazee wetu benye balitangulia bamesimama, banataka kupiga makofi, bafunge neno."

Bi Dorica aliishusha simu bila kuizima. Ngoma zilikuwa zinasikika ndani yake, ndogo na za furaha. Alimwangalia Barthélemy, mtu aliyemwambia fundi huyu ni bubu wa Chienge, kisha akamwapia, kisha akamwambia Lévi kwamba wanawake wote wamepanda lori.

"Njo Lévi, uyu," alisema mzee. "Ninaapa."

"Umeapaka leo mingi," alisema Bi Dorica.

Simu ikamwita tena, yaya, yaya, wanangoja neno lake. Akaipeleka mdomoni, kisha akaiondoa. Alikishusha kitenge kutoka usoni, akamgeukia Lévi mzima mzima, desturi au si desturi, akamtazama machoni kwa muda mrefu, grisi na machozi na yote.

"Kwetu, ule anakula njo bwana," alisema. "Mutoto wangu yuko anaolewa sasa hivi pa mukeka. Weye uko nani?"